Dar hadi Dodoma: Saa Moja ya Angani Inauzwa Bei Gani?

Kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi Uwanja wa Ndege wa Dodoma ni kilomita 390 hivi, au maili 210 za baharini kwa hesabu ya marubani. Ni kilomita za mstari mnyoofu uliolazwa juu ya mgongo wa dunia, usiopita Chalinze wala kupunguza mwendo kwenye matuta ya Gairo. Ukitafuta umbali huo kwenye simu utaipata namba hiyo mara moja, na chini yake utaelezwa kwamba ndege inatumia nusu saa, au dakika arobaini. Wasafiri wengi hupanga siku yao kwa kutegemea namba hii ya pili, na ndiyo inayowaponza.

Nusu saa hiyo hupatikana kwa kugawa tu. Ndege ya jeti kama Airbus A220 ikishatulia juu huenda kilomita 830 hivi kwa saa, na 390 ukizigawa kwa 830 unapata dakika 28. Dash 8-Q400, ile yenye mapanga mawili ambayo Watanzania wengi wameipanda bila kujua jina lake, huenda kilomita 660 kwa saa, kwa hiyo hesabu inakuja dakika 35. ATR ni ya polepole zaidi, kilomita 500 hivi. Lakini hakuna ndege inayoanza safari ikiwa tayari kwenye mwendo huo. Inasukumwa kutoka maegeshoni, inatambaa hadi mwisho wa barabara ya kurukia, inasubiri zamu, inapanda kwa mwendo mdogo, na kabla haijatulia vizuri juu rubani anaanza kuishusha. Kwenye safari fupi kama hii, sehemu kubwa ya njia ni kupanda na kushuka. Ndiyo maana ratiba zinaandika saa moja, au saa moja na robo. Ratiba huhesabu tangu magurudumu yanapoanza kutoka maegeshoni Dar hadi yanaposimama Dodoma, na muda huo ndio wa kuuamini. Ndiyo maana pia kwenye njia hii jeti haiiachi mbali Q400: faida yake yote huliwa na kupanda na kushuka. Usilipe zaidi kwa sababu tu ndege ni ya jeti.

Hata hivyo, hakuna anayeishi kwenye barabara ya kurukia. Kinachotakiwa kulinganishwa ni muda wa mlango kwa mlango, na hapo ndipo Dodoma inapokuwa mfano mzuri kuliko njia nyingine yoyote nchini. Tangu tarehe 25 Julai 2024, treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, msafiri wa njia hii ana vitu vitatu vya kweli vya kuchagua: ndege, treni na basi. Kabla ya hapo chaguo lilikuwa la wenye nacho na wasio nacho. Sasa ni la kukaa na kalamu.

Tuchukue mtu mmoja: anaishi Sinza na ana kikao Mji wa Serikali, Mtumba.

Akienda kwa ndege, ajipe saa nzima ya kutoka Sinza hadi uwanjani. Usiku wa manane njia hiyo ni fupi, lakini ndege haziondoki usiku wa manane, na foleni ya asubuhi haina huruma. Mashirika humtaka afike mapema, kwa hiyo saa moja na nusu itaishia kwenye ukaguzi, kaunta na kiti cha kusubiria. Ratiba ya ndege ni saa moja na dakika kumi. Kutoka na kuchukua begi Dodoma ni dakika ishirini, na teksi hadi Mtumba nusu saa. Jumla ni saa nne na nusu. Katika muda wote huo, robo tu ndiyo ya kuwa ndani ya ndege, na ndiyo robo pekee iliyotajwa kwenye tangazo.

Akienda kwa treni, anatumia dakika 45 kufika Stesheni katikati ya jiji, kwa mwendokasi au bodaboda. Ajipe saa nzima ya kukaguliwa na kukaa kwenye behewa, kwa sababu milango hufungwa kabla ya muda wa kuondoka na haifunguliwi kwa aliyechelewa. Treni ya haraka inatumia karibu saa tatu na nusu. Stesheni ya Dodoma iko pembezoni mwa mji, na Mtumba iko upande mwingine kabisa, kwa hiyo hadi afike mlangoni ongeza saa nzima. Jumla ni saa sita na robo.

Basi linaondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Dakika 40 za kufika, nusu saa ya kusubiri, kisha saa nane na zaidi barabarani kwa kilomita 450 hivi kupitia Chalinze, Morogoro, Dumila, Gairo na Kibaigwa. Hapa basi lina faida moja ambayo watu huisahau: Mtumba iko kwenye barabara hiyo hiyo, kabla ya kuingia mjini, na abiria anaweza kushukia njiani. Hata hivyo jumla yake ni saa tisa na nusu.

Sasa fedha. Nauli za ndege hupanda na kushuka kila saa, kwa hiyo nitatumia shilingi 250,000 kama mfano, na wewe weka bei unayoiona siku unayokata. Ongeza 25,000 ya teksi kwenda uwanjani na 25,000 ya kufika Mtumba, unapata 300,000. Treni ya haraka, daraja la kawaida, ni 40,000, usafiri wa mjini kwa Dar na Dodoma ni 30,000, jumla 70,000. Basi la daraja la kati, kwa kiwango cha LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kilichoanza Desemba 2023 cha shilingi 67.84 kwa kilomita, linakuja kama 30,500. Na 9,500 ya bodaboda na maji, jumla 40,000.

Ukishapata namba hizi, usizilinganishe kavu kavu. Kusema ndege ni ghali mara nne kuliko treni hakumsaidii mtu kuamua, kwa sababu vyombo hivi haviuzi kitu kimoja. Gawanya tofauti ya fedha kwa tofauti ya saa, ujue kila saa unayookoa unainunua kwa kiasi gani. Kutoka basi kwenda treni, unaongeza 30,000 na unaokoa saa tatu na robo: saa moja ni kama 9,000. Kutoka treni kwenda ndege, unaongeza 230,000 na unaokoa saa moja na dakika 45: saa moja ni zaidi ya 130,000.

Tofauti hiyo ni kubwa mno, na kwa maoni yangu ndiyo inayomaliza mjadala kwa abiria wa kawaida. Saa ya kwanza ya nafuu unaipata kwa bei ya chakula cha mchana. Ya pili unailipia kwa fedha ambayo familia nyingi zinalisha nyumba kwa wiki. Ukitumia treni ya kawaida badala ya ile ya haraka, nauli iliyotangazwa mwaka 2024 ilikuwa 31,000, karibu sawasawa na basi la daraja la kati. Haikuwa bahati. LATRA iliipangia treni ya kawaida shilingi 69.51 kwa kilomita, tofauti ya chini ya shilingi mbili na lile basi. Kwa mtu wa Kariakoo, Ilala au Temeke, ambaye Stesheni iko karibu naye kuliko Mbezi, sioni sababu ya kupanda basi la bei hiyo kwenda Dodoma, labda kama anashukia njiani au treni imejaa.

Na hujaa kweli. Siku za kuelekea sikukuu na mwisho wa wiki, anayetaka tiketi ya kesho hukuta viti vimekwisha. Ukikata mapema kwa njia ya mtandao hupati punguzo, lakini unapata kiti, na hilo ni jambo kubwa. Treni ina nauli moja kwa daraja moja, iwe umekata wiki iliyopita au leo asubuhi. Ndege ni kinyume chake.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo fedha nyingi zinapopotea. Ndani ya ndege moja, kwenye safu moja, watu wawili wanaweza kuwa wamelipa nauli zinazopishana kwa laki nzima. Shirika hugawa viti vya daraja la kawaida katika mafungu, kila fungu na bei yake na masharti yake. Fungu la chini likiisha, mashine inafungua la juu, hata kama viti vyenyewe havitofautiani kwa lolote. Kwa hiyo ukiona nauli nzuri siku kumi kabla, ukairudia jioni na kuikuta imepanda, huenda hakuna aliyebadilisha bei. Viti vya fungu lile ndivyo vilivyokwisha. Kuna mtego mdogo unaotokana na hapo. Ukitafuta viti vinne kwa pamoja wakati fungu la chini limebaki na viwili, mifumo mingi inakupa vyote vinne kwa bei ya fungu la juu. Tafuta kimoja kimoja kwanza, uone bei inavyokaa, ndipo uamue kukata pamoja au viwili viwili.

Njia ya Dodoma ina msimu wake, na msimu huo unaitwa Bunge. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, wakati wa Bunge la Bajeti, mawaziri, wabunge, makatibu, wanahabari na watu wa taasisi zote zinazoitwa kwenye kamati wanataka ndege zile zile: Jumatatu asubuhi kwenda, Ijumaa alasiri kurudi. Mtu mwenye harusi au msiba Ijumaa hiyo atakuta mafungu ya chini yameshachukuliwa zamani. Akisogeza safari hadi Jumamosi mchana, au akageukia treni, anaokoa kiasi ambacho hakuna punguzo lolote la kukata mapema lingempa.

Soma pia masharti madogo yaliyo chini ya tiketi. Nauli ya chini kabisa mara nyingi hairudishwi, na kubadilisha tarehe kunatozwa ada, juu yake tofauti ya nauli ya siku mpya. Mtu ambaye kikao chake kina tabia ya kuahirishwa anaweza kuishia kulipa zaidi kwa tiketi ya bei poa kuliko kwa ile yenye uhuru wa kubadilisha. Kuhusu mizigo, mashirika mengi ya ndani huruhusu begi la kilo 20 hadi 23 chini na kilo 7 mkononi, na kwenye ndege ndogo za mapanga kabati za juu ni finyu kiasi kwamba begi la mkononi lenye magurudumu huchukuliwa mlangoni na kuwekwa chini. Weka kompyuta na dawa kwenye mfuko unaoweza kuubeba magotini. Kodi na tozo za uwanja zimo ndani ya tiketi, kwa hiyo linganisha bei ya mwisho, si ile inayotangulia kwa herufi kubwa.

Ndege ina sifa ambazo hesabu ya saa haizioni vizuri. Ya kwanza ni kwamba uwanja wa sasa wa Dodoma uko ndani ya mji. Unashuka ngazi, upepo mkavu unakupiga usoni, unavuka sakafu ya lami kwa miguu, begi lako linafika kabla hujamaliza kuwasha simu, na dereva wa bajaji anakuita ukiwa bado hujatoka getini. Ni viwanja vichache vya makao makuu ya nchi ambavyo mtu anaweza kushuka na kuwa sokoni ndani ya dakika kumi. Faida hii haitadumu: uwanja mpya wa Msalato uko nje ya mji, upande wa barabara ya Arusha, na safari zikihamia huko, ongeza robo saa au zaidi na nauli ya teksi kwenye kila hesabu ya ndege niliyoifanya hapo juu.

Sifa ya pili inamhusu anayetua Dar kutoka nje. Ndugu anayefika kutoka Muscat au Dubai na mabegi mawili makubwa, akiwa na tiketi moja iliyounganishwa hadi Dodoma, anapata kitu ambacho treni haiwezi kumpa. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo lenye wajibu wa kumtafutia nyingine. Akikata tiketi mbili tofauti ili kubana matumizi, au akipanga kukimbilia treni, hatari yote inabaki mikononi mwake. Kwa huyu, ndege inastahili bei yake, mradi tiketi iwe moja.

Sifa ya tatu inamhusu mgonjwa, au mzee ambaye kukaa saa tatu na nusu kitini kunamuumiza. Hapo usipige hesabu yoyote.

Kwa upande wa kuaminika, kila chombo kina udhaifu wake. Baadhi ya ndege za Dodoma huunganisha miji mingine, na ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku. Ikichelewa asubuhi mahali fulani, ucheleweshaji huo hupokezanwa hadi jioni. Ndiyo maana ndege ya kwanza ya asubuhi ni salama zaidi kwa mtu mwenye kikao. Treni nayo inategemea umeme, na wiki yake ya kwanza ya safari za Dodoma, mwaka 2024, Shirika la Reli lilitoa taarifa kwamba wanyama waliogusa nyaya walisababisha treni kusimama. Basi lina barabara, na barabara ina malori. Kwa mtu mwenye usaili au kesi mahakamani, nashauri alale Dodoma usiku uliotangulia, chombo chochote atakachopanda. Chumba cha kawaida cha kulala wageni kitamgharimu kidogo kuliko tofauti ya nauli ya treni na ndege.

Familia ndiyo inayoguswa zaidi. Baba, mama na watoto wawili wa miaka sita na tisa, kwa treni ya kawaida ni 93,000, kwa sababu mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili hulipa nusu na aliye chini ya hapo halipi. Kwa ndege ya mfano wetu, hata watoto wakipunguziwa robo ya nauli, jumla ni 875,000 kabla ya teksi. Na watoto hawa, kwa kusema kweli, watafurahia zaidi treni. Kati ya Morogoro na Dodoma, kwenye milima ya Kilosa, reli inapita kwenye mahandaki manne yenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili na nusu kwa jumla. Giza linaingia ghafla, behewa zima linapiga kelele, mwanga unarudi, kisha giza tena.

Usichukue hukumu hii ya Dodoma ukaipeleka kila mahali, kwa sababu umbali ukibadilika, hesabu inapinduka. Dar hadi Mwanza kwa ndege ni kilomita 850 hivi, zaidi ya mara mbili ya Dodoma, lakini muda wa ratiba unaongezeka kwa nusu saa hivi tu, kwa kuwa sasa ndege inapata nafasi ya kukimbia ikiwa imeshatulia juu. Mlango kwa mlango ni kama saa tano. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na basi linakula saa 16 au zaidi, tuseme 18 kwa jumla. Kwa tiketi ya mfano ya 350,000 na teksi za 50,000, dhidi ya laki moja ya basi na chakula cha njiani, unaongeza 300,000 na kuokoa saa 13. Saa moja inakuja kama 23,000. Ni ndege ghali zaidi kwa tiketi, lakini inauza saa zake kwa chini ya robo ya bei ya Dodoma. Anayelalamikia nauli ya Mwanza huku akipanda ndege ya Dodoma bila wasiwasi amegeuza mambo. Siku reli ya kisasa itakapofika Mwanza, njia hii nayo itahesabiwa upya.

Zanzibar ni kinyume. Uwanja kwa uwanja ni kilomita 70 na kitu, dakika 20 angani. Boti ya haraka inatumia chini kidogo ya saa mbili, lakini inakutoa katikati ya Dar na kukushusha Malindi, mlangoni pa Mji Mkongwe. Ukijumlisha kufika uwanjani, kusubiri na teksi ya upande wa pili, ndege haiokoi karibu chochote kwa mtu wa mjini. Inamfaa anayeugua bahari kusi likivuma, au anayeunganisha na ndege ya kimataifa.

Na kwa anayekwenda Dodoma kwa kikao cha siku moja, ambaye nimekutana naye sana na ambaye ndiye ndege ya njia hii imetengenezewa, si lazima anunue pande zote mbili. Asubuhi ndipo saa ina thamani. Apande ndege ya kwanza. Jioni kikao kimeisha, hana anachowahi zaidi ya kitanda chake, na treni ya haraka ya jioni inamfikisha Stesheni kwa 40,000. Kabla ya kukata tiketi ya kwenda tu, aangalie kama shirika linatoza ya kwenda na kurudi kama nauli mbili zilizojumlishwa. Kama ni hivyo, kurudi kwa treni kutampunguzia zaidi ya laki mbili kwa hesabu yetu, naye atakuwa amefika Mtumba saa ile ile ambayo angefika kwa tiketi ya ndege ya pande mbili.